KIJANA ALIYETUMWA KUJIFUNZA MAANDISHI YA WENGINE



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake wote.

Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, katika nyumba zetu kuna ugomvi ambao hausemwi kwa sauti. Mtoto akifika darasa la sita au la saba, unaanza. Baba anasema: "Mtoe madrasa, apate muda wa tuisheni ya Kiingereza, kidato cha kwanza hakimsubiri mtu." Babu anajibu: "Kiingereza ni lugha ya Wazungu, mtampoteza huyu. Mwacheni na msahafu wake." Mama yuko katikati, na mtoto hana anayemuuliza. Mwisho wake mtoto mmoja anakosa Qur'ani, mwingine anakosa shule, na wote wawili ni watoto wetu.

Leo hatutagombana. Tutaiuliza historia, na tutaanza Madina.

*1. YATIMA WA BANI NAJJAR*

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 Miladia, palikuwa na kijana wa Kiansari wa ukoo wa Bani Najjar aitwaye Zayd bin Thabit (r.a.). Umri wake ulikuwa miaka 11. Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath, vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Aws na Khazraj, Zayd akiwa na miaka 6 tu. Akalelewa na mama yake, Nawar bint Malik.

Watu wake walimpeleka kwa Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa kijana huyu amekwisha hifadhi sura zaidi ya kumi katika zile zilizokwisha teremshwa. Zayd akasoma mbele yake, na Mtume (s.a.w.) akapendezwa. Kisha akampa kazi ambayo wengi wetu tusingeitarajia. Alimuamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu hakuwa na amani kuwaachia watu wengine barua zake.

Zayd mwenyewe ndiye aliyesimulia kuwa haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyamudu. Tangu hapo Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia, Zayd aliandika. Na wao walipoandika, Zayd alimsomea. Hadithi hii ameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na Bukhari ameitaja katika mlango unaohusu wakalimani wa watawala. Katika riwaya nyingine imetajwa lugha ya Kisiriani na muda wa siku 17.

Wanahistoria wametofautiana ni lini hasa amri hiyo ilitolewa. Wako wanaoiunganisha na siku za mwanzo za Hijra, na wako walioiweka mwaka wa 4 Hijria. Vyovyote iwavyo, Zayd alikuwa baina ya miaka 11 na 15. Kwa hesabu ya shule zetu ni kijana wa darasa la sita hadi kidato cha pili au cha tatu. Ndio umri ule ule tunaougombania majumbani.

*2. TAZAMA MPANGILIO, USITAZAME MUDA TU*

Wengi wakisikia nusu ya mwezi hushangaa, wakasema huo ni muujiza, sisi hatuwezi. Subiri kidogo. Akili ya Zayd ilikuwa kali, hilo halina shaka. Lakini zitazame na sababu zilizokuwapo.

Kwanza, alikuwa na Qur'ani kifuani kabla ya kugusa maandishi ya wengine. Hakuanza na lugha ya watu kisha dini ije baadaye ikipatikana nafasi.

Pili, lugha za Kiebrania na Kisiriani ni jamaa wa Kiarabu. Maneno mengi yanafanana mizizi. Na hadithi inataja maandishi, na Mayahudi wa Madina walikuwa wakizungumza Kiarabu na majirani zao kila siku. Basi Zayd hakuanzia mbali.

Tatu, wenye lugha walikuwa majirani. Kijana alikuwa anaweza kutoka nyumbani akamkuta wa kumuuliza.

Nne, alichojifunza alikitumia hapo hapo. Barua ilikuja, akaisoma. Jibu lilitakiwa, akaliandika. Hakujifunza kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa mwaka kisha akasahau.

Sasa mtazame mtoto wako. Anajifunza Kiingereza miaka saba ya shule ya msingi na hakuna siku hata moja aliyoombwa asome kitu chenye maana kwa lugha hiyo. Anakariri orodha ya maneno, anapata alama, anafika kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na anakaa kimya darasani. Watu husema mtoto hana akili. Hapana. Mtoto hakupewa barua ya kusoma.

*3. WALIOFUNDISHA KUANDIKA MADINA*

Swali la pili ambalo babu huuliza ni hili: "Atafundishwa na nani? Mwalimu asiye Muislamu?"

Rudi kwenye vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Waislamu walipata mateka miongoni mwa Makureshi. Wengine walijikomboa kwa mali. Wasiokuwa na mali, kama alivyopokea Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), Mtume (s.a.w.) alijaalia fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Kiansari kuandika. Wako wanahistoria waliomtaja Zayd kuwa miongoni mwa waliofundishwa hivyo.

Fikiri, ndugu yangu. Walimu wale walikuwa washirikina waliokuja na panga kuwaua Waislamu. Mtume (s.a.w.) hakuwapa watoto wawafundishe itikadi. Aliwapa wawafundishe herufi. Itikadi ilikuwa na mwalimu wake, naye alikuwapo Madina mchana na usiku.

Hapo ndipo penye siri. Mwalimu wa lugha hana hatari kubwa kwa mtoto ambaye dini yake ina mwalimu. Hatari ni kwa mtoto ambaye mwalimu wa lugha ndiye mwalimu pekee aliye naye. Ukimtoa madrasa ili aende tuisheni, wewe ndiye uliyeleta hatari hiyo. Lugha yenyewe haina kosa.

*4. BINTI ALIYESEMEZWA KIHABESHI*

Usidhani jambo hili ni la wavulana. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Ummu Khalid bint Khalid (r.a.), binti aliyezaliwa Uhabeshi wazazi wake walipohamia huko kukimbia mateso ya Makka. Aliporudi alikuwa bado mdogo. Zikaletwa nguo kwa Mtume (s.a.w.), na miongoni mwazo lilikuwamo vazi dogo lenye nakshi. Akamwita Ummu Khalid, akamvisha kwa mkono wake, kisha akamwambia kwa Kihabeshi neno lenye maana ya "zuri".

Mtume wa Allah (s.a.w.), Mwarabu aliye fasaha kuliko Waarabu wote, alimsemesha mtoto kwa neno la nchi aliyokulia. Hakumwambia aisahau lugha ya Waafrika sasa amefika kwa Waarabu. Alimfurahisha nayo.

Na Bibi Hafsa (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alifundishwa kuandika na mwanamke aitwaye Shifa bint Abdillah (r.a.), kama ilivyo kwa Abu Dawud. Basi mwenye kumwambia binti yake kuwa kusoma kunamtosha darasa la saba, huyo anafuata ada zake, hafuati Sunna.

*5. NA KAULI YA UMAR (R.A.) JE?*

Mwanafunzi wa elimu ataniambia: "Sheikh, zipo riwaya kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alichukia watu kuzungumza lugha za kiajemi." Ni kweli zimepokewa, na haifai kuzificha.

Wanavyuoni wamezieleza. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328 Miladia), alilikemea jambo la Muislamu kuiacha lugha ya Qur'ani akaifanya lugha ya wengine kuwa ndiyo ada yake nyumbani na sokoni bila haja. Lakini yeye huyo huyo amesema kuwa kuwasemesha watu kwa lugha yao na istilahi zao pakiwa na haja si makuruhu. Na dalili alizotoa ni hizi mbili tulizozitaja: Ummu Khalid na Zayd bin Thabit.

Kwa hiyo zipo hali mbili. Kujifunza lugha ya watu kwa haja ni jambo jema. Kuibadilisha nafsi yako mpaka ukaona haya na lugha ya Qur'ani na lugha ya mama yako, hilo ndilo lililokemewa. Mtoto anayemcheka ustadhi wake kwa sababu hajui Kiingereza ameingia katika hali ya pili, hata kama anapata alama 100.

Na Allah anatufundisha katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake. Lugha ya mtu mwingine ni ishara ya Muumba kabla haijawa somo la shule.

Hapa nitahadharishe jambo. Yanasambazwa maneno kuwa mwenye kujifunza lugha ya watu husalimika na vitimbi vyao, na husemwa kuwa ni hadithi. Si hadithi ya Mtume (s.a.w.), haina asili. Maana yake inaweza kuwa na busara, lakini busara haiwi hadithi mpaka iwe na mapokezi. Kisa cha Zayd ni sahihi na kinatutosha.

*6. PWANI YETU: WALIOJIFUNZA NA WALIOKAWIA*

Sasa tuje kwetu.

Wazee wa pwani hii walikuwa mabingwa wa lugha. Kiarabu kwao kilikuwa lugha ya kigeni kama kilivyo kwetu. Walikisoma mpaka wakaweza kukifasiri. Sayyid Aidarus wa Pate aliitia kwa Kiswahili Hamziyya, kasida ya Imam al-Busiri, karne nyingi zilizopita. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara, tenzi na mikataba. Hakuna aliyewaambia kuwa lugha mbili zitawachanganya.

Kisha wakaja wageni wengine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Alikaa akajifunza Kiswahili kwa watu wetu, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Hawa waliishi katika miji ya Waislamu, wakafundishwa maneno na Waislamu, na walibaki Wakristo kama walivyokuja. Basi kama lugha peke yake inabadilisha dini, mbona haikuwabadilisha wao?

Na hili sasa lisikilize kwa makini. Mwaka 1923 ilichapishwa tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili. Aliyeifanya hakuwa sheikh. Alikuwa Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana Zanzibar. Kasisi alijifunza Kiarabu, akajifunza na Kiswahili, akawafasiria watu wa pwani kitabu chao, pamoja na maelezo yake yeye. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Tafsiri kamili ya mwanachuoni wetu wa Kisunni, Qur'ani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, ilitoka mwaka 1969. Toka 1923 mpaka 1969 ni miaka 46.

Simlaumu yeyote katika wazee wetu. Wengi walikuwa na elimu kubwa kuliko sisi, na waliona uzito wa kuigusa Qur'ani kwa lugha nyingine. Lakini tujifunze kuwa haja ya watu haingoji. Mtu akitaka kuelewa na wewe hujamwelewesha, atakuja mwingine amweleweshe kwa namna yake.

Na tazama ni nani aliyeliziba pengo. Sheikh al-Farsy, Allah amrehemu, alizaliwa Zanzibar mwaka 1912. Alisoma kwa masheikh na pia alikuwa mwalimu wa shule za serikali kwa miaka mingi. Mikono miwili. Na kabla yake Mombasa alikuwapo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Kwa Kiarabu chake alifuatilia yaliyokuwa yakiandikwa Misri, na kwa Kiswahili chake akawazindua watu wa Mombasa. Aliwahimiza Waislamu wasome elimu za zama zao, na hapo hapo akawakemea wanaosoma kisha wakaidharau dini yao. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947.

*7. HOFU YA WAZEE ILIKUWA NA SABABU*

Tuwafanyie wazee wetu uadilifu. Zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni. Katika nyingi ya hizo kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na mtoto alirudi nyumbani na jina jipya. Mzazi aliyemzuia mwanawe hakuwa mjinga, alikuwa analinda imani. Ushahidi ni kwamba Wajerumani walipofungua shule za serikali pwani, kama ile ya Tanga katika miaka ya 1890, ambazo hazikufundisha Ukristo, vijana wa Kiislamu waliingia, na wengine wakawa makarani na maakida.

Lakini hali ile imepita. Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Leo vipo vipindi vya dini shuleni, na zipo shule za Kiislamu. Mlango uliofungwa kwa sababu hauendelei kufungwa baada ya sababu kuondoka. Anayeendelea kuufunga ajue kuwa anafuata hofu ya babu yake bila ya sababu aliyokuwa nayo babu yake.

*8. EWE MZAZI, FANYA HAYA*

Kwanza, usimtoe mtoto madrasa kwa ajili ya tuisheni. Punguza simu, punguza televisheni, punguza kuzurura jioni, muda utapatikana. Zayd alianza na Qur'ani.

Pili, mwambie ustadhi wa madrasa awafundishe watoto Kiarabu kama lugha. Watoto wetu wengi wanahitimisha juzuu 30 na hawajui maana ya sura wanayosalia. Maneno matano kwa siku kutoka sura fupi yanatosha kuanza. Mtoto akijua neno "kitabu" ni la Kiarabu, na "kalamu", na "elimu", na "safari", ataona kuwa amekwisha anza bila kujua.

Tatu, jua kuwa madrasa inamsaidia shuleni. Mtoto aliyefundishwa makharij amezoesha ulimi na sikio kutofautisha sauti. Anayetamka vizuri "thamani" na "dhahabu" sauti mbili zinazowashinda wengi katika Kiingereza tayari anazo. Na aliyezoea kuhifadhi hapati tabu ya kuhifadhi msamiati.

Nne, mpe barua ya kusoma. Karatasi ya dawa ikiandikwa Kiingereza, mwambie akusomee. Mkataba wa bima, maelezo ya mashine, ujumbe wa benki, mpe. Akikosea msahihishe kwa upole, usimcheke. Umri huu wa miaka 11 mpaka 15 aibu ni kali, na aliyechekwa mara moja hufunga mdomo mwaka mzima.

Tano, kama shule yake inafundisha Kiarabu, Kifaransa au Kichina, usiseme havina kazi. Jirani zetu wa Burundi na Kongo wanasoma Kifaransa, na kuna ndugu zetu Waislamu wengi Afrika Magharibi ambao tunakutana nao Makka katika Hija na hatuna hata salamu ya pili baada ya "Assalaamu alaykum".

Sita, mfundishe nia. Mwambie: "Mwanangu, unajifunza lugha hii ili mama yako asidhulumiwe kwa karatasi asiyoweza kuisoma, na ili siku moja umweleze mtu dini yako kwa lugha anayoielewa." Allah ametuambia katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kuwa hakumtuma Mtume ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Kubainisha ndio lengo.

*9. MWISHO WA ZAYD*

Mtume (s.a.w.) alifariki. Katika vita vya Yamama waliuawa mahafidhi wengi, na Umar (r.a.) akaogopa Qur'ani isije ikapotea. Abu Bakr (r.a.) akatafuta mtu wa kuikusanya. Masahaba wakubwa walikuwa wengi. Akamchagua Zayd, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, akataja kuwa ni kijana, ana akili, hana shutuma, na alikuwa akimwandikia Mtume (s.a.w.) wahyi. Zayd alisema kuwa lau angebebeshwa mlima auhamishe usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile. Akaifanya. Na zama za Uthman (r.a.) akaitwa tena, akawa miongoni mwa walioandika misahafu iliyopelekwa mijini.

Ndugu yangu, kijana aliyejifunza maandishi ya watu wengine ndiye aliyekabidhiwa kukusanya maneno ya Allah. Lugha ya wengine haikumtoa katika Qur'ani. Na msahafu uliopo kwenye rafu ya nyumba yako umepita katika mkono wake.

Basi mtazame tena mtoto wako wa darasa la sita. Usimkate mkono mmoja.

Ewe Allah, wajaalie watoto wetu wawe wenye kukisoma kitabu chako na kukielewa. Ewe Allah, wafungulie ndimi zao katika kheri na zilinde na shari. Wape walimu wema, na utusamehe sisi na wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mzazi mwenzio mwenye kijana wa umri huu. Na mwenye swali aulize hapa chini, tutajibu kwa kadiri Allah atakavyotuwezesha.

Wallahu a'lam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.